Bandana ya Pamba, Skafu ya Hariri au ya Sufu: Ulinganisho wa Vitambaa vya Shingoni vya Makauboi na Mafundo Yake

Mtu anayenunua kitambaa cha shingoni cha kikauboi kwa mara ya kwanza huangalia rangi, kisha nakshi, kisha bei. Kipimo hukikumbuka akiwa ameshafika nyumbani, mbele ya kioo, ncha mbili zikikataa kukutana. Ulinganisho huu unafuata mpangilio mwingine. Unaanza na kipimo, kwa kuwa ndicho kinachoamua ni fundo gani litawezekana. Unaendelea na aina ya nyuzi, ambayo ndiyo inayoamua kama kitambaa kitavumilika wakati wa joto, vumbi au baridi. Kisha unafika kwenye fundo, ambalo uzuri wake usimfumbe mtu macho akasahau kuuliza kitatokea nini shingoni siku ncha itakaponaswa na kamba au tawi. Rangi imewekwa nyuma, ingawa katika baadhi ya miji ya Marekani nayo ina uzito wake.

Vitambaa vinavyoshindana

Cha kwanza ni bandana, leso ya pamba yenye pande nne sawa, ambayo kwa kawaida kila upande una inchi 22, yaani sentimita 56, na iliyochapwa nakshi ya korosho ambayo kila mvaaji wa kanga anaifahamu. Leso za namna hii zilivaliwa na makauboi waliopeleka makundi ya ng'ombe kutoka Texas hadi kwenye vituo vya reli vya Kansas, kama vile Abilene na Dodge City, katika miongo miwili iliyofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyomalizika mwaka 1865. Adui mkubwa njiani alikuwa vumbi. Waliopangwa nyuma ya kundi, ambao aghalabu walikuwa vijana na wageni wa kazi, walipanda farasi siku nzima ndani ya wingu lililotimuliwa na maelfu ya kwato, na bila kitambaa puani na mdomoni kazi hiyo isingewezekana. Wanahistoria hukadiria kwamba karibu kauboi mmoja kati ya wanne wa nyakati hizo alikuwa Mweusi, na wengi wengine walikuwa Wameksiko, kwa hiyo msomaji asidhani kwamba vazi hili ni mali ya watu wa sura moja tu.

Cha pili ni skafu ya hariri, kubwa kuliko bandana, ambayo katika maduka ya Marekani huuzwa kwa jina la wild rag. Makao yake hasa ni eneo kame la Great Basin: Nevada, kusini-mashariki mwa Oregon, kusini-magharibi mwa Idaho na pembe ya kaskazini-mashariki ya California. Makauboi wa huko hujiita buckaroo, na tandiko lao, hatamu zao na namna yao ya kurusha kamba vimetokana na vaquero, wachungaji wa Kimeksiko na wa California ya zamani. Anayetaka kuona skafu hizo zikivaliwa kwa wingi na watu ambao kwao si vazi la maonyesho, aende mjini Elko, Nevada, mwishoni mwa Januari, kwenye mkutano wa washairi wa kikauboi ambao ulianza mwaka 1985. Ni kipindi cha baridi kali, na shingo iliyo wazi hapo ni ya mgeni.

Cha tatu ni skafu ya sufu, ambayo haina sifa wala mashairi lakini ina nafasi yake. Kuna pia cha nne, poliesta inayong'aa kama hariri, ambacho nimekitia katika ulinganisho kwa sababu kimejaa sokoni, wala si kwa sababu nakipendekeza.

Inafaa kutaja kwa ufupi kwamba leso za pamba za mraba hazikuwa ngeni kwenye pwani yetu. Katika karne ya 19, leso zilizochapwa zilifika Zanzibar na Mombasa kwa njia za biashara, na wanawake wakazinunua jora zima bila kuzikata kisha wakaziunganisha sita sita, tatu juu na tatu chini, wakapata vazi ambalo baadaye lilikuja kuwa kanga. Hata hivyo kanga yenyewe haifai kufungwa kikauboi: ni mstatili wa takriban sentimita 150 kwa 110, na ukiikunja kwa ulalo ncha zake hazilingani.

Kipimo huamua fundo

Skafu ya kikauboi hukunjwa kutoka pembe hadi pembe ili iwe pembetatu, kwa hiyo urefu unaohesabika ni wa ulalo wala si wa upande. Ulalo wa mraba ni upande ukizidishwa kwa 1.41. Bandana ya sentimita 56 ina ulalo wa sentimita 79. Skafu ya sentimita 76 ina 107. Ya sentimita 91 ina 129. Na ile kubwa ya sentimita 112 ina 158. Tuchukue shingo ya mtu mzima yenye mzunguko wa sentimita 40, kisha tuone kinachobaki.

Kuna namna mbili kuu za kuzungusha. Ya kwanza ni kuweka katikati ya kitambaa kwenye ukosi, nyuma ya shingo, na kuleta ncha mbili mbele moja kwa moja. Namna hii hutumia mzunguko mmoja tu, sentimita 40. Bandana hubakiza sentimita 39, yaani 19 na ushei kwa kila ncha, na hizo zinatosha fundo dogo lenye ncha fupi chini ya kola. Skafu ya 76 hubakiza 33 kila upande, nayo inakaa vizuri sana, wala hapo hakuna haja ya kubwa zaidi.

Namna ya pili, ambayo ndiyo sura halisi ya kikauboi katika Great Basin, ni kuanzia mbele: pembetatu hulazwa kifuani na kooni, ncha mbili hupelekwa nyuma, hupishana kwenye ukosi, kisha hurudi mbele na kufungwa juu ya pembetatu. Hapo shingo huzungukwa mara mbili na sentimita 80 huliwa kabla ya fundo kuanza. Bandana ya 56, yenye ulalo wa 79, haifiki. Ndiyo maana anayeivaa pembetatu ikiwa mbele hulazimika kuifunga nyuma, na kwa kazi ya vumbi hilo ni jambo jema, kwani fundo lililo nyuma humruhusu kuinua kitambaa hadi puani kwa mkono mmoja. Skafu ya 76 hubakiza sentimita 13 kwa kila ncha, nazo hazitoshi: fundo litafungwa kwa kubana na kufunguliwa kwa kugombana. Ya 91 hubakiza 24, na hapo ndipo fundo la kawaida linapoanza kukaa sawa. Ya 112 hubakiza 39, na hiyo ndiyo inayoruhusu mafundo makubwa yenye ncha ndefu zinazoning'inia.

Mwenye shingo nene asidanganywe na hesabu ya mtu mwembamba. Kwa shingo ya sentimita 46, mizunguko miwili huchukua 92, na skafu ya 91 humwachia 18 tu kwa kila ncha, wakati ya 112 humwachia 33. Kwa maoni yangu, mtu mwenye shingo ya zaidi ya sentimita 43 anayetaka kuzungusha mara mbili aanze na 112 bila kujaribu ndogo kwanza, na mtu mwembamba au mwanamke mwenye shingo ya 34 atosheke na 91, kwa sababu kubwa zaidi itamjazia kitambaa kifuani hadi ashindwe kuona vifungo vya shati lake.

Kipimo kina faida nyingine isiyohusu urembo. Kitambaa cha pembetatu cha huduma ya kwanza, kile cha kutundikia mkono uliovunjika, hupatikana kwa kukata mraba wa karibu mita moja kwa ulalo. Skafu ya 91 au ya 112 ikikunjwa hufanya kazi hiyo bila shida, bandana haiwezi. Kwa mtu anayefanya kazi na farasi mbali na barabara, sababu hiyo peke yake ingetosha kumfanya aiache ndogo.

Nyuzi: joto, baridi na moto

Tofauti ya nyuzi huonekana vizuri zaidi katika jinsi zinavyoshughulika na unyevu. Katika hewa ya kawaida, sufu hubeba unyevu wa takriban asilimia 16 ya uzito wake mkavu, hariri asilimia 11, pamba asilimia 8 hivi, na poliesta chini ya nusu ya asilimia moja. Maana yake kwa shingo ni hii: sufu na hariri hunyonya jasho bila ngozi kuhisi kuwa zimelowa, pamba hulowa na kubaki imelowa, na poliesta huliacha jasho likae palepale kati yake na ngozi.

Kulowa kwa pamba ni sifa mahali fulani na ni kasoro mahali pengine. Katika joto kavu la Texas ya magharibi au Arizona, bandana iliyochovywa majini na kuvaliwa shingoni hupoza mwili kadiri maji yanavyokauka, na hakuna kitambaa kingine katika ulinganisho huu kinachoishinda kwa hilo. Hufuliwa kwa sabuni yoyote, huanikwa juani, hutumika kufutia uso, kushikia birika la moto na kuchujia takataka kubwa majini, kisha ikichakaa hutupwa bila majonzi. Lakini pamba hiyohiyo ikilowa jasho wakati wa baridi huugeuka mwili, ikivuta joto kutoka mahali ambapo mishipa mikubwa ya damu hupita karibu na ngozi. Mchungaji wa Nevada anayeanza kazi kabla ya jua kuchomoza, baridi ikiwa chini ya sifuri, na kuimaliza alasiri akiwa ametoka jasho, hawezi kuitegemea.

Hariri hushinda hapo kwa sababu inafaa pande zote mbili za siku. Nyuzi zake ni nyembamba na hushonana, hivyo huzuia upepo na vumbi laini. Ni nyepesi, hivyo mizunguko miwili haifanyi shingo kuwa ngumu. Na ni laini, hivyo haimkwaruzi mtu anayegeuza kichwa kila mara kutazama kundi. Uzito wa hariri hupimwa kwa momi, ambapo momi moja ni sawa na gramu 4.34 hivi kwa mita moja ya mraba. Hariri ya habotai ya momi 8 ni nyembamba mno kwa kazi, huonyesha mwanga na huchanika kwenye seng'enge. Kati ya momi 12 na 16 ndipo penye uwiano mzuri wa wepesi na uimara, na momi 19 ni ya majira ya baridi. Namna hariri ilivyofumwa nayo ina neno lake: hariri ya satini hung'aa na huteleza, kwa hiyo fundo jepesi hulegea kila baada ya muda mfupi, wakati hariri ya twili, iliyofumwa kwa mistari ya mshazari, au ya krepu, yenye uso wa mikunjo midogo midogo, hujishika yenyewe. Wauzaji hupenda kuonyesha satini kwa sababu ya mng'ao wake. Kwa anayefunga fundo rahisi, mimi ningemwelekeza kwenye twili.

Hariri ina udhaifu wake, na muuzaji hatautaja. Jua kali la muda mrefu huidhoofisha, jasho lililoachwa bila kufuliwa huitia madoa na kuikausha, na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini huiharibu kabisa. Bei yake pia ni mara kadhaa ya bei ya bandana. Mtu asiye tayari kuifua kwa mkono, kwa maji ya baridi au ya vuguvugu na sabuni laini, kisha kuianika kivulini bila kuikamua, ataona imekwisha upesi na kusema kwamba hariri ni ya kujionyesha tu.

Sufu ni suala fupi. Kwa anayekaa mahali pa theluji na asiyesogea sana, kwa mfano anayeendesha trekta la kugawa majani makavu kwa ng'ombe, sufu hutoa joto kuliko zote na haitelezi hata kidogo. Kwa anayepanda farasi na kushuka mara kwa mara, ni nene, fundo lake huwa kubwa hadi kidevu kikalalamika, huwasha ngozi, na vipande vya majani makavu hung'ang'ania ndani yake.

Kuhusu poliesta, sababu ya kuikataa si dharau kwa kitu cha bei nafuu. Wakati wa kupiga ndama chapa, watu hufanya kazi karibu na moto na vyuma vilivyoiva, na poliesta haiungui tu bali huyeyuka na kugandamana na ngozi. Pamba huwaka, na hariri na sufu huungua polepole na mara nyingi hujizima cheche ikiondolewa. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayoyeyuka shingoni mwa mtu. Anayetaka skafu ya kuvaa katika tamasha la muziki wa kantri jijini Nairobi, ambako muziki huo una wapenzi wengi, anaweza kuivaa poliesta bila hatari yoyote isipokuwa ya kutoka jasho. Anayekwenda kufanya kazi shambani asiivae.

Mafundo, na kile yanachofanya yakivutwa

Mafundo ya makauboi ni mengi, na majina yake hubadilika kutoka shamba hadi shamba. Manne yanatosha kumsaidia mtu kuchagua, kwa kuwa yanatofautiana katika jambo moja lililo kubwa kuliko mengine yote: kama skafu itavutwa ghafla, je, fundo litakaza, litabaki lilivyo au litaachia?

Fundo la mraba ndilo la kwanza kujifunza. Ncha ya kulia hupita juu ya ya kushoto na kuzungushwa chini yake, kisha ile ambayo sasa iko kushoto hupita tena juu ya iliyoko kulia na kuzungushwa vilevile. Likifungwa sawasawa, ncha mbili hulala kwenye mstari mmoja, kushoto na kulia, kama mabawa. Likikosewa, yaani zamu ya pili ikirudia upande uleule wa kwanza, ncha husimama moja juu na nyingine chini, na fundo hulegea lenyewe. Hilo ndilo jaribio la kutazama kwenye kioo. Fundo la mraba halikazi shingo, kwa sababu ukubwa wa kitanzi hubaki ule uliouweka, na lina siri nyingine nzuri: ukiishika ncha moja na kuivuta kuelekea upande wa pili wa fundo hadi inyooke, fundo hupinduka na kuteleza mara moja. Mtu aliyevaa glavu anaweza kulifungua bila kuomba msaada. Linafaa kwa bandana na kwa skafu ya 91, na kwa mtu atakayejifunza fundo moja tu maishani, liwe hili.

Fundo la mraba uliofumwa, ambalo ndilo alama ya buckaroo, ni jirani yake tajiri. Ncha moja humzungusha mwenzake na kuacha kitanzi. Ncha ya pili hupanda juu na kushuka kupitia kitanzi hicho. Kisha pande zote hukazwa kidogo kidogo hadi uso wa fundo uwe kamkeka kadogo kenye pembe nne, ncha zikishuka kifuani. Uzuri wake hauna mpinzani, na kwa kuwa kila sehemu imeiuma nyingine, hushika hata hariri ya satini inayoteleza. Gharama yake ni kitambaa: linahitaji walau sentimita 30 za kila ncha, ambazo kwa mizunguko miwili humaanisha skafu ya 112. Halijifunzwi vizuri kwa kusoma. Mtu akae mbele ya mwenye kulijua na kumfuata mkono kwa mkono. Likishakazwa halibani zaidi, lakini pia haliachii haraka, kwa hiyo anayelivaa kazini huchomeka ncha ndani ya kizibao au ndani ya shati.

Fundo la tai, lile la kawaida ambalo watu wa ofisini hulifunga kila asubuhi, huvaliwa pia kwa skafu ndefu, na hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wanaolisifu. Ni rahisi kwa sababu wengi tayari wanalijua, na humpa mvaaji sura nadhifu ya harusini. Hata hivyo ni kitanzi kinachoteleza: ukivuta ncha iliyo chini ya fundo, kitanzi husogea kooni. Kauboi anaponasa ndama huizungusha kamba kwenye pembe ya mbele ya tandiko, na kamba hiyo ikikaza kwa uzito wa mnyama imewahi kuwakata watu vidole gumba. Ncha ya skafu iliyoingia katikati ya mizunguko hiyo, ikiwa imefungwa kwa fundo linalobana, ni hatari isiyo na sababu. Fundo la tai livaliwe ukiwa umesimama kwa miguu yako miwili.

La nne si fundo bali ni pete. Ncha mbili hupitishwa ndani ya pete ya fedha, ya shaba, ya pembe au ya ngozi mbichi iliyosukwa, na pete husukumwa juu hadi ikae chini ya koo. Msomaji aliyewahi kuwa skauti Kenya au Tanzania ameshavaa namna hii, na uhusiano huo si wa bahati. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti aliyezikwa Nyeri mwaka 1941, alijifunza mengi ya maisha ya porini kutoka kwa Mmarekani Frederick Russell Burnham wakati wote wawili walipokuwa upande wa wakoloni katika vita vya Matabele mwaka 1896, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, na mavazi ya mpaka wa magharibi wa Marekani yakaacha alama katika sare ya skauti. Pete ina sifa mbili: hutumia kitambaa kidogo mno, hivyo humwokoa mwenye skafu ya 76, na ikivutwa kwa nguvu huteleza na kuachia. Kasoro yake ni kwamba huachia pia wakati hujaiomba. Kwa hariri ya satini na farasi anayekwenda mbio, pete ya fedha yenye tundu pana hupotea majanini na hairudi. Pete ya ngozi iliyosukwa hushika vizuri zaidi kuliko ya chuma.

Kwa mtoto, shauri langu ni pete peke yake au fundo la mraba lililolegezwa sana, na skafu ivuliwe kabla hajapanda bembea, mti au farasi.

Kuchagua kwa hali yako

Msomaji aliyehamia Boise, Idaho, ambako familia nyingi kutoka Kongo zimepata makao, yuko mlangoni mwa nchi ya buckaroo, na majira ya baridi ya huko hayana mzaha. Kwake ningependekeza skafu moja ya hariri ya twili, sentimita 91 au 112 kulingana na shingo, ifungwe kwa mizunguko miwili na fundo la mraba. Itamfaa kazini na njiani hata kama hatamgusa farasi. Aliyeko Fort Worth, Texas, mahali penye joto na jasho kwa sehemu kubwa ya mwaka, aanze na bandana mbili za pamba, moja ivaliwe na nyingine ifuliwe, na hariri aiache hadi apate sherehe. Aliyeko Arusha au Eldoret, ambako asubuhi ni baridi na mchana ni jua, yuko katikati: skafu ya 76 yenye pete, au ya 91 iliyowekwa katikati ya ukosi na kuzungushwa mara moja, itamtosha.

Rangi sasa. Bandana nyekundu na ya bluu ndizo za kale, na porini hazimwambii mtu chochote. Mjini Los Angeles, hata hivyo, nyekundu imehusishwa kwa miongo mingi na genge la Bloods na bluu na genge la Crips, na kijana mgeni anayeifunga mojawapo shingoni katika mitaa fulani anaweza kusomwa vibaya na wenyeji na hata polisi. Hali kama hiyo ilikuwapo pia kusini mwa Brazil, katika jimbo la Rio Grande do Sul, ambako wachungaji wa kigaucho wenye skafu nyekundu na wenzao wenye skafu nyeupe walipigana katika vita vya 1893 hadi 1895, na tena mwaka 1923. Kwa mwenye shaka, kahawia, kijani kilichokoza au nakshi ya rangi nyingi huondoa tatizo.

Mahali pa kununua huamua mengi. Skafu za kikauboi zilizotengenezwa Marekani ni ghali kuziagiza hadi Afrika Mashariki, lakini kuna njia ya karibu ambayo wengi hawaifikirii. Nyumba ya mitindo ya Hermès ya Paris ilianza kuuza skafu za hariri za wanawake mwaka 1937, kipimo chake cha sentimita 90 kikaigwa na watengenezaji wengi, na skafu za kipimo hicho humiminika leo katika marobota ya mitumba. Gikomba jijini Nairobi na Karume jijini Dar es Salaam, mtu mwenye subira na futi ya fundi nguo anaweza kuokota hariri ya twili ya karibu 90 kwa 90, ambayo inapungua kwa sentimita moja tu kuwa sawa na skafu ya 91 ya buckaroo. Maua yaliyochapwa juu yake yasimtie haya. Huko Nevada wanaume huvaa skafu za maua waridi bila wasiwasi wowote.

Kwa kuwa lebo za mitumba aghalabu zimekatwa, kagua kwa mkono. Pindo lililoviringishwa na kushonwa kwa sindano ya mkono ni nene kidogo na si sawa kabisa, ilhali la mashine ni bapa na lina mishono inayolingana. La mkono halimaanishi hariri kwa hakika, lakini ni nadra mtu kupoteza saa zake kuviringisha poliesta. Ukishafika nyumbani, chomoa uzi mmoja pembeni na uuchome mbali na kitambaa: hariri hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika kwa vidole, pamba hunuka kama karatasi, na poliesta hujikunja na kuwa tone gumu jeusi. Kisha ifue peke yake kwa maji ya baridi kabla ya kuivaa, hasa ikiwa nyekundu, na urudie hadi maji yatoke safi, kwa sababu rangi isiyoshika huhamia kwenye kola ya shati jeupe siku ya kwanza utakayotoka jasho, na kola hiyo hairudi kuwa nyeupe.